Kati ya Boma la Kale na Feri

Watu wengi wa Dar es Salaam wakitaka kueleza upande wa bahari wa Posta husema neno moja tu: Mjerumani. Kanisa la Azania Front, Mjerumani. Ofisi za serikali zenye varanda pana na mapaa ya vigae pale Kivukoni, Mjerumani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Mjerumani tena. Na Boma la Kale, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sokoine Drive, nalo hutiwa kapu hilohilo. Hapo kwenye Boma ndipo ninapobisha. Boma lilikuwa limesimama miaka ishirini hivi kabla Mjerumani hajatia nanga bandarini.

Kipande ninachokizungumzia ni kidogo. Ukianza kutembea Boma la Kale, ukipita gati la boti za Zanzibar, makanisa mawili na zile ofisi, ukaishia soko la samaki la Feri, hujamaliza kilomita mbili. Abiria wa mwendokasi anayeteremka kituo cha mwisho cha Kivukoni amepita karibu chote bila kuinua macho kwenye simu. Lakini katika kipande hicho mji huu ulizaliwa, ukaachwa ukaoza, ukaokotwa na watu wengine, ukapigwa mizinga, ukauzwa jina mara kadhaa. Na mambo mengi kati ya hayo hayana jengo la kuyasimulia. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kabla ya yote palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya bahari, kaskazini kidogo ya mdomo wa bandari. Wenyeji wake walikuwa Washomvi na Wazaramo. Washomvi ni watu wa pwani, wa samaki na chumvi na biashara ya jahazi. Wazaramo walikuwa na nguvu za bara. Kwa vizazi kadhaa waliishi kwa mapatano ya kupeana: vitu vya bahari vikaenda juu, ulinzi ukateremka chini. Ghuba iliyokuwa mlangoni kwao ilikuwa kubwa, tulivu, imejificha nyuma ya mlango mwembamba unaopinda. Nahodha asiyeijua angeweza kupita nje asijue kuna maji ndani.

Aliyeijua ni Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Majid alitawala tangu 1856, na utawala wake ulikuwa na maumivu ya kichwa. Mdogo wake Barghash alimwasi mwaka 1859, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, na msaada wa namna hiyo hauishi kudaiwa. Zanzibar mjini kila konsuli alikuwa na bendera yake na shauri lake la kumpa Sultani. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Majid akaanza kuiangalia ghuba ya Mzizima kama mahali pa kuanzia upya: bandari yenye kina, karibu na njia za misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na mbali kidogo na masikio ya makonsuli. Akaipa jina la amani. Wanaojua Kiarabu watakwambia kuna ubishi kama jina ni nyumba ya amani au bandari ya salama. Mimi ubishi huo nimeuacha. Kwa mtu aliyekuwa anakimbia ndugu zake na wakubwa wa nje, maana zote mbili zinamfaa.

Kufikia 1866 ujenzi ulikuwa umepamba moto. Kulikuwa na kasri la Sultani, nyumba za maofisa wake, maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi waliobembelezwa waje, visima, na mashamba ya minazi nje kidogo ya mji. Mwaka 1867 Majid aliwaalika makonsuli wa mataifa makubwa waje wale karamu katika mji wake mpya. Wale aliokuwa anawakimbia ndio aliotaka wamtambue! Boma la Kale lilijengwa katika miaka hiyohiyo, 1866 na 1867, kama nyumba ya wageni wa Sultani. Kwa hiyo neno boma lenyewe lilikuja baadaye. Jengo lilizaliwa likiwa nyumba ya kulaza wageni.

Ukipata nafasi liguse ukuta wake. Ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa katika uwazi wa dirisha na kukunja miguu. Ndani, hata saa nane ya mchana mwezi wa Februari, kuna ubaridi ambao ofisi nyingi za vioo hapo jirani huununua kwa umeme. Vyumba vya nyumba za namna hii ni virefu na vyembamba, na wageni hudhani ni mtindo wa Kiarabu tu. Sababu ni boriti. Dari lilibebwa na mikoko, na mkoko unaofaa kwa dari hautoi mti mrefu ulionyooka. Ukipata mita tatu hivi umepata. Upana wa chumba uliamuliwa kule mtoni, matopeni, na aliyekuwa anakata mti.

Na aliyekuwa anakata ni nani? Hapa ndipo maelezo ya majengo yanapoanza kumumunya maneno. Husomeka kwamba Sultani alijenga. Sultani hakubeba jiwe. Matumbawe yalichimbwa, yakabebwa, mengine yakachomwa siku kadhaa juu ya magogo yapate kuwa chokaa, chokaa ikapondwa, mikoko ikakatwa na kukokotwa. Ilikuwa miaka ya 1860. Soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lilikuwa bado wazi, na halikufungwa mpaka 1873. Watumwa ndio waliolima mashamba ya minazi ya Sultani hapa Dar es Salaam, na watumwa ndio waliokuwa mikono ya ujenzi katika dola lile. Mlango wa Boma ulichongwa kwa ustadi, na kila mgeni hupiga picha mbele yake. Mawe yanayoushikilia mlango hayana mpiga picha.

Majid hakuishi kuufaidi mji wake. Alifariki Oktoba 1870, na Barghash akakalia kiti. Barghash hakuwa na mapenzi na ndoto ya kaka yake. Akaiacha. Watu wakarudi Zanzibar au wakahamia bandari nyingine, kuta zikaanza kuota miti, kasri likaachiwa mvua na popo. Mwaka 1877 Mskoti William Mackinnon na wenzake walianza kukata barabara kutoka hapa kuelekea Ziwa Nyasa. Ilifika maili 70 hivi, nayo ikaachwa. Nikitazama miaka ile naona mji uliokuwa na kila kitu isipokuwa mwenyewe.

Wazaramo na Washomvi wao hawakuondoka. Tunapoambiwa kwamba mji ulikufa baada ya 1870, maana yake ni kwamba ofisi zilikufa. Samaki waliendelea kuvuliwa.

Wajerumani wa Kampuni ya Afrika Mashariki walifungua kituo chao mwaka 1887, na wamisionari Waprotestanti wakaja katika mwaka huohuo. Hawakukuta pori. Walikuta magofu, na magofu ni mtaji: kuta zipo, unahitaji paa. Mwaka uliofuata pwani yote ikawaka. Vita ambavyo vitabu vya shule hutaja kwa jina la Abushiri havikupita mbali na hapa. Januari 1889 Dar es Salaam ilishambuliwa, na misheni ya Wabenediktini kule Pugu ikateketezwa. Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, wengi wao Wasudani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wissmann atarudi katika habari hii, akiwa wa shaba.

Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yalihamishwa kutoka Bagamoyo. Bagamoyo ilikuwa na historia, misafara, watu na misikiti. Dar es Salaam ilikuwa na kina cha maji. Meli za mvuke hazijali historia. Kuanzia hapo upande wa bahari ukajazwa kwa haraka ya kutisha: posta, mahakama, ofisi, nyumba za maofisa. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilianza 1897, Azania Front 1898, na yote mawili yakamalizika mwanzoni mwa karne ya ishirini. Yamekaa hatua chache, Wakatoliki na Walutheri, kama maduka mawili ya ndugu waliogombana. Nyuma ya ukingo wa maji ukanyooshwa mtaa mkuu, ukapandwa miti na kuitwa Unter den Akazien, mwangwi wa mtaa maarufu wa Berlin. Mwingereza akauita Acacia Avenue, Uhuru ukauita Independence Avenue, kisha ukapewa jina la Samora. Lami ni ileile.

Kitu kimoja kuhusu mji wa Mjerumani nakisema kila nikitembeza wageni, na wageni wengine hawakipendi. Uzuri ule ulikuwa na mpaka. Kanuni za ujenzi ziliamua nani ajenge kitu gani wapi, na upande wa mashariki, wenye upepo wa bahari, ulikuwa wa nyumba za Kizungu tu. Waingereza walipochukua nchi wakaipanga sheria hiyo vizuri zaidi katika miaka ya 1920: eneo la kwanza, la pili, la tatu. Watu wakayatafsiri bila kuhitaji mkalimani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya eneo la pili na la tatu ukaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Leo tunaagana tukutane Mnazi Mmoja kama vile uwanja ule uliachwa ili watoto wacheze mpira.

Hospitali nazo zilifuata mpaka huo. Ile ya Ocean Road, ya mwaka 1897, yenye vikuba vyake vyeupe mbele ya bahari, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyogharimiwa na Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi wa pwani hii aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Jengo la Ocean Road bado lipo na ni hospitali ya saratani ya taifa. Hospitali ya Sewa Haji haipo mbele ya bahari wala popote. Imebaki jina la jengo la wodi kule Muhimbili. Wanaolazwa Sewahaji wengi hudhani ni neno la kitabibu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza ziliupiga mji huu mizinga mwaka 1914, na nyumba ya gavana ikaharibiwa vibaya. Ikulu ya sasa ni jengo jipya lililomalizika 1922 juu ya alama za lile la zamani. Wajerumani walikuwa wamezamisha gati lao la kuelea mlangoni mwa bandari ili kuuziba, ule mlango mwembamba aliouchagua Majid kwa sababu ya usalama. Septemba 1916 Waingereza wakaingia mjini.

Sasa turudi kwa Wissmann. Wajerumani walikuwa wamemjengea sanamu katikati ya mji: yeye juu amesimama, mkono upangani, chini yake askari Mwafrika anamtazama huku ameshika bendera. Waingereza waliing'oa kama nyara na kuisafirisha London. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na ikakaa pale mpaka wanafunzi wa huko walipoiangusha mwaka 1967, ikarudishwa juu, wakaiangusha tena 1968. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba mtu aliyemnyonga Abushiri aliangushwa kwa kamba na vijana wa kwao.

Mahali pake hapa Dar es Salaam pakawekwa Askari, mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Huyu hamtazami bwana yeyote. Ameinama mbele, singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini. Maandishi ya ukumbusho yalitungwa na Rudyard Kipling na yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Nairobi wana sanamu za mchongaji huyohuyo, na katika zile kuna mpagazi. Hapa mpagazi hayupo, ingawa wapagazi ndio waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara, wakibeba risasi na unga wa majeshi yote mawili. Kumbukumbu yao hapa mjini iko mahali pengine, katika jina: kambi ya kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps kwa Kiingereza, ndiyo iliyozaa Kariakoo. Mamilioni ya watu hulitamka jina lao kila siku wakiulizana bei ya viatu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli bandarini katika miaka ya 1950. Nilimkuta mzee, mabega yamepindika upande mmoja, na kwa muda mrefu nilidhani ndivyo wazee wanavyokuwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba bandari si meli. Bandari, alisema, ni matishari. Kabla ya magati ya maji marefu, meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba, na kila gunia la katani, kahawa au saruji lilipita kwenye tishari: kutoka meli kwenda tishari, tishari kwenda ufukweni, ufukweni kwenda ghala. Kila kituo kina bega lake. Kazi ilikuwa ya kutwa. Asubuhi mnasimama, mnyapara anachagua, wanaobaki wanarudi nyumbani na njaa yao.

Makuli hao hawakukaa kimya. Waligoma Julai 1939. Waligoma tena 1943, wakati wa vita, ambapo kugoma kulikuwa hatari hasa. Na Septemba 1947 mgomo wao ukavuka ukuta wa bandari, ukaingia mjini, ukapanda reli, ukawa mgomo wa watu wa kazi nyingine katika sehemu kubwa ya nchi. Miaka saba kabla ya TANU, watu wasio na ofisi walikuwa wamesimamisha koloni kwa kukaa chini. Wanahistoria wa kazi wanalijua jambo hili vizuri, limeandikwa na kuchambuliwa. Lakini tembea kutoka Boma hadi Feri ukitafuta jiwe moja linalosema hapa watu waligoma. Nimetembea.

Babu alianza kazi baada ya 1947, kwa hiyo mgomo ule aliusikia kwa wakubwa zake. "Sisi tuliwakuta wenye adabu," aliniambia, akimaanisha wanyapara. "Waliotutangulia ndio waliowatia adabu." Mwaka 1956 Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alikuja akafungua gati la maji marefu, upande wa kusini-magharibi wa ghuba, na polepole kazi ya meli kubwa ikahamia huko kwenye kreni. Mbele ya bahari ya zamani ikabaki na boti za abiria, mashua, kivuko na ofisi. Uliponusurika ukingo huu wa maji kugeuzwa uwanja wa makontena, ilikuwa kwa sababu ya gati hilo.

Hatua chache kutoka Boma la Kale kuna nyumba nyingine ya wakati wa Majid. Inasemekana ilikuwa ya wanawake wa Sultani. Wajerumani waliikuta na kuitumia, na katika miaka ya 1920 ikanunuliwa na Mapadri Weupe, wamisionari wa shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie wa Algeria. Watu wanaiita Nyumba ya Atiman. Wengi wanaopita kwenda kukata tiketi ya Zanzibar hawajawahi kuuliza Atiman ni nani.

Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Katika miaka ya 1870 wamisionari walimkomboa huko Algeria. Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwasomesha utabibu vijana waliokombolewa, wasomee Malta kisha warudishwe Afrika wakawe waganga na makatekista. Atiman akasoma Malta. Mwaka 1889, mwaka uleule Dar es Salaam iliposhambuliwa na Abushiri akanyongwa, yeye alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa nchi. Akabaki huko akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka sitini. Mjerumani alimkuta, akaondoka akamwacha. Mwingereza alimkuta, na alikuwa karibu kuondoka pia.

Najua Atiman anafaa sana katika masimulizi ya wamisionari, mtoto aliyeokolewa akawa mwokozi, na ninayasoma kwa tahadhari. Alipelekwa alikopelekwa, hakuna aliyemuuliza kama angependa kurudi kwao. Lakini fikiria nyumba yenyewe. Ilijengwa na dola lililoishi kwa kuuza watu, kwa mawe yaliyobebwa na watu waliouzwa, ikiwa, kama masimulizi ni kweli, ya wanawake ambao wengine wao walinunuliwa pia. Na leo mlangoni ina jina la mtu aliyeuzwa. Sijui mahali pengine katika mji huu ambapo jambo kama hilo limetokea. Mitaa yetu tumewapa marais, wapigania uhuru, mawaziri wakuu. Ocean Road tumempa Barack Obama baada ya ziara yake ya 2013. Ni nyumba hii moja mbele ya bahari iliyompa jina mtumwa.

Ndiyo maana nikisikia vijana wenzangu wakisema haya majengo yabomolewe, ni ya wakoloni, nabaki njia panda. Hoja yao si ya kijinga. Wanasema tunatumia fedha kutengeneza vigae vya Kaiser wakati Vingunguti maji yanaingia ndani. Wanasema watalii ndio wanaoyataka. Lakini bomoa Boma, na utakuwa umebomoa moja ya kazi chache za mikono ya wale watu wa 1866 zinazoweza kuguswa hapa. Jengo hilo lina mashahidi wa aina mbili, na waliolipa gharama kubwa zaidi hawana ushahidi mwingine.

Sheria yetu ya mambo ya kale inafanya kazi kwa tarehe. Kwa mfano, inalinda mlango uliochongwa kabla ya 1940. Serikali inaweza kutangaza jengo kuwa kumbukumbu ya taifa, na imefanya hivyo kwa baadhi. Tatizo ni kwamba ardhi ya Posta ni ghali kuliko chochote kilichojengwa juu yake ghorofa mbili. Hoteli ya Kaiserhof ya Wajerumani, iliyokuja kuitwa New Africa, ilikwisha ondoka. Kilichopo ni jina juu ya jengo jipya. Nyuma ya Boma na Nyumba ya Atiman siku hizi imepanda minara ya ghorofa zaidi ya thelathini, ukiwemo wa Mamlaka ya Bandari, na jioni kivuli chake kinavila vyote viwili. Ukisimama gati la boti ukazipiga picha nyumba za Majid, huwezi tena kupata anga nyuma yake.

Habari njema ndogo ni kwamba Boma limepata kazi. Limekarabatiwa na kuwekwa kituo cha urithi wa usanifu wa Dar es Salaam, DARCH, chenye maonyesho kuhusu mji, na kuna matembezi yanayoanzia hapo. Nimewaona wanafunzi wa usanifu wakikaa katika madirisha yale mapana, miguu wameikunja, wakichora. Nyumba ya wageni imerudi kupokea wageni. Ukienda, mlinzi wa mlangoni mwamkie vizuri. Niliyemkuta mimi alijua habari za visima vya mtaa ule kuliko maonyesho.

Upande wa Feri kila asubuhi samaki wanashushwa kama walivyoshushwa Mzizima, ingawa soko lenyewe ni la zege, la mwaka 2002, kwa msaada wa Japani. Wanunuzi wa mnada wanapiga kelele, mama lishe wanakaanga, kivuko kinapakia watu wa Kigamboni. Ni kipande pekee cha mbele ya bahari ambacho bado kinafanya kazi iliyokuwapo kabla ya Majid, na katika ramani zote za urithi nilizoziona hakimo.

Miaka michache kabla Babu hajafariki nilimpeleka mjini kwa gari la jamaa. Alitaka kuona lilipokuwa ghala lao. Tulisimama karibu na Azania Front, yeye ameshika dirisha, anatazama kanisa, ofisi, varanda zile nzuri. Nikamuuliza katika miaka yote ile ya kazi aliwahi kuingia ndani ya lipi kati ya majengo yale.

"Niingie nina shida gani?" akasema. "Jengo la serikali unaingia ukiitwa."

Kisha akanyoosha kidole majini, mahali palipokuwa na boti ya Zanzibar, akaniambia matishari yalikuwa yanafungwa pale, manne manne, na ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yanavuja.